Wajumbe Arobaini na Watatu

Mimi ndiye niliyeandika ile mihtasari. Nalisema mapema, asije mtu akadai nilijificha nyuma ya mkuu wangu. Kila neno, kuanzia "kikao kilifunguliwa saa tatu kamili" hadi "wajumbe walitawanyika kwa utulivu," nililichapa mwenyewe kwa vidole viwili, kwenye kompyuta ambayo nusu ya herufi zake zimefutika. Ningekuwa mvivu kidogo, nikaandika ovyo kama makarani wa shule nyingine, tusingefika tulikofika. Tatizo langu kazi naipenda.

Ni karani wa shule ya msingi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Watoto wananiita Mama Muhuri kwa sababu muhuri wa shule siuachi mezani hata nikienda msalani. Nimefanya kazi chini ya wakuu wanne. Wa kwanza alikuwa na fimbo na redio, na shule ilienda. Wa pili alikuwa na redio tu. Wa tatu alistaafu na vidonda vya tumbo. Wa nne ndiye huyu, ambaye watoto walimbandika jina la Kipeuo tangu enzi anafundisha hesabu, maana vipeuo vya namba alivitaja kichwani huku anafuta ubao. Alifundisha miaka kumi na minane. Halafu wakampa cheo.

Watu wa nje wakisikia mtu ni mkuu wa shule wanamwona amekalia kiti cha kuzunguka anakunywa chai. Kiti kweli kinazunguka, ila ni kwa sababu mguu mmoja umelegea, na chai haijawahi kunywewa ikiwa moto. Saa moja na robo asubuhi anatakiwa awe ameshatuma picha yake akiwa mlingotini, uso uonekane na bendera ionekane. Saa mbili, mahudhurio. Kisha lile kundi la simu la wakuu wote linaanza kulia. Leteni idadi ya wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto. Leteni idadi ya miti, iliyo hai na iliyokauka kando. Leteni picha ya choo kipya, na kama hakuna choo kipya leteni ya cha zamani kikiwa safi. Kila kitu "ndani ya dakika kumi na tano." Nimemwona mtu mzima, baba wa pacha, anakimbia uwanjani akihesabu miti kwa sauti, kisha anarudi mbio kwa sababu hajui kama ule wa jikoni ni mmoja au ni miwili iliyoshikana.

Mzazi amegombana na mwalimu, mwite mkuu. Bomba limepasuka, mkuu. Mtoto kameza kifuniko cha kalamu, mkuu, na aandike taarifa ya kifuniko. Juu ya hayo yote ukaja waraka, nao niliubandika mwenyewe ukutani: "Mkuu wa shule ni meneja. Hatashika kipindi chochote. Atapatikana ofisini muda wote wa utawala." Mwenzake wa shule ya jirani alikutwa anafundisha sarufi. Walimvua ukuu wiki hiyohiyo.

Haya. Katikati ya mwaka, mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la saba akachukuliwa. Ofisi ya elimu ilimhitaji akahesabu upungufu wa walimu wa hesabu. Sitanii, barua ninayo kwenye faili. Watoto arobaini na watatu wakabaki wanatazama ubao mtupu, na mtihani wa kumaliza shule unabisha hodi. Asiyefaulu huo hana sekondari, ni kurudi nyumbani akakae. Mkuu akaandika kuomba mwalimu mwingine. Akajibiwa ombi limepokelewa. Akaandika tena. Akajibiwa ombi la kwanza linashughulikiwa, na asiwe anajaza mfumo bila sababu.

Jumanne moja, saa tatu kasorobo, akatoka ofisini kwake na kufunga mlango taratibu. Mfuko wa koti ulikuwa umevimba kidogo.

"Mama Muhuri, nikitafutwa sema niko kwenye kikao."

"Kikao gani, Mkuu? Mbona kwenye ratiba sikioni?"

"Andika chochote. Andika Kikao cha Uratibu."

"Mnaratibu nini?"

"Sehemu na desimali," akasema, akatokea mlango wa nyuma.

Nilimsindikiza kwa macho kupitia dirishani. Akapita nyuma ya stoo. Alipofika kwenye madirisha ya ofisi ya walimu akainama, mtu na tai yake, akatambaa mpaka kona ya darasa la saba, akatazama kushoto na kulia, akazama ndani. Ungemwona ungeapa anakwenda kwa nyumba ndogo. Baada ya muda nikasikia sauti yake ikipanda, ile ya zamani, na watoto wakiitikia kwa pamoja, "Eeeeh!" Ile si eeh ya kutii, ni ya mtu aliyeelewa. Nilikuwa sijaisikia shuleni kwetu tangu wampe cheo, na nakiri machozi yalinilenga.

Neno kikao lilikuwa na akili. Mkuu akiwa msibani, ofisi ya elimu itampigia. Akiwa amelazwa, itampigia na kumwambia apone haraka atume takwimu. Lakini akiwa kwenye kikao, wanasubiri, kwa sababu na wao wako kwenye kikao. Simu ililia mara mbili asubuhi ile. Nikajibu nilivyoagizwa, nikaambiwa asante mama.

Tatizo ni mfumo wa kompyuta wa ofisi ya elimu. Jioni nilipoingiza ratiba ya siku, mfumo ukaniuliza: wajumbe wangapi? Waliohudhuria wangapi? Maazimio mangapi? Pakia muhtasari. Na ukakataa kufunga mpaka nipakie.

Nikamwendea Mkuu. Akashika kichwa.

"Sasa tufanyeje?"

"Niambie ulichofundisha," nikasema. "Mengine niachie."

Muhtasari wa kwanza niliandika hivi: "Wajumbe 43 walialikwa, 43 walihudhuria. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwakumbusha wajumbe kufuta ubao. Agenda ya kwanza: mgawanyo usio sawa. Mjumbe mmoja aliomba ufafanuzi kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi wakati nne ni kubwa kuliko tatu. Mwenyekiti alifafanua kwa kutumia chungwa. Wajumbe waliridhika na chungwa likaisha. Changamoto: wajumbe kumi na wawili bado hawana uelewa wa pamoja kuhusu desimali. Mkakati: kurudia Alhamisi." Nikagonga muhuri.

Mkuu aliusoma akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo ikawa kila Jumanne na Alhamisi. Yeye anatambaa, mimi naandika, na wale kumi na wawili wakawa tisa, wakawa sita.

Aliyemshtukia kwanza ni mkewe. Tunamwita Mama Pacha, na wanaishi nyumba ya mkuu, ile yenye matangi mawili na bustani ya mboga nyuma ya shule. Alikuja ofisini kwangu na koti la mumewe mkononi, uso umemvimba.

"Dada, mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie ukweli. Baba Pacha anakwenda wapi Jumanne na Alhamisi?"

"Kwenye kikao."

"Kikao!" Akalitupa koti mezani, akageuza mfuko nje. Unga mweupe ukamwagika kwenye karatasi zangu. "Wenzangu wanakuta rangi ya mdomo kwenye koti. Mimi nimekuta chaki. Mkuu gani wa shule siku hizi anashika chaki?"

Nikaanza kukung'uta karatasi. Akakaa. Hasira ikamwisha, ikabaki hofu, na hofu yake niliielewa.

"Kumbe anafundisha," akasema taratibu. "Mwambie aangalie. Ile nyumba ni ya cheo, si yetu. Wakimvua, na sisi tumevuliwa. Pacha wangu nitawalaza wapi?"

Nilimpelekea Mkuu salamu hizo kama zilivyo. Aliniuliza tu kama chaki nyeupe zimebaki.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na yetu mimi ndiye niliyeivumisha. Sikujua kwamba kule juu hakuna anayesoma mihtasari, wanasoma namba tu. Na namba zetu, jamani! Katika kanda nzima, kikao chenye mahudhurio mazuri kilikuwa na wajumbe wanne kati ya kumi, wawili wakiwa wamesinzia. Sisi kila wiki arobaini na watatu kwa arobaini na watatu, maazimio sita hadi tisa, na yote yametekelezwa. Kwenye ile chati yao ya rangi shule yetu ikawa ya kijani peke yake.

Alhamisi moja gari la ofisi likaingia getini. Akashuka mratibu wa kanda mwenyewe, ambaye walimu wanamwita Bwana Viashiria kwa sababu hawezi kusalimia bila kutaja asilimia. Nikasimama.

"Karibu, mheshimiwa. Chai?"

"Chai baadaye, mama. Nimekuja kushuhudia Kikao cha Uratibu. Huko juu wanakiongelea sana. Kinafanyikia wapi?"

"Kimeahirishwa."

"Gari langu limekaa nje dakika tatu nasikiliza. Kuna watu wanajibu kwa pamoja kule nyuma. Sijawahi kusikia wajumbe wenye mshikamano namna ile."

Nikatangulia mbio, yeye nyuma yangu. Niliposukuma mlango wa darasa la saba, Mkuu alikuwa amekunja mikono ya shati, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikamkonyeza, nikamkonyeza tena, lakini Bwana Viashiria alikuwa keshaingia. Watoto wakasimama wote.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba." Akatazama madawati. Akatazama ubao. "Mkuu, wajumbe wako wapi?"

Angekuwa makamu mkuu wetu, angezimia. Ni mtu mzuri, lakini presha humpanda akisikia tu neno kukaimu. Mkuu wangu hakuzimia. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Hakuna kikao, mheshimiwa. Hili ni darasa. Nafundisha hesabu kwa sababu mwalimu wao mmemchukua."

Nilidhani mgeni atawaka. Badala yake akafunga mlango, akafunga na madirisha yaliyo karibu, akamsogelea Mkuu na kumwambia kwa sauti ya kuomba, "Usirudie maneno hayo. Nimeshapeleka ripoti juu. Mkurugenzi amekitaja Kikao cha Uratibu kwenye hotuba. Ukisema ni darasa, mimi nitakuwa nimeripoti nini?"

"Ukweli ndio huo."

"Ukweli uko kwenye ripoti," akasema. Akawageukia watoto. "Wajumbe, kaeni. Endeleeni."

Akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakamgusa kidevu. Mkuu, na hapa ndipo ninapompendea, akaendelea na somo. Aliandika ubaoni: asilimia kumi na tano ya mia mbili na arobaini ni ngapi? Mikono ikachomoza. Msichana mmoja mwenye miwani, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa kati ya wale kumi na wawili, akasema tumpe mgeni ajibu kwanza, ndiyo adabu.

Bwana Viashiria akatabasamu. Akatazama dari. Akatoa simu, akaona watoto wanamwangalia, akairudisha mfukoni. Mtu ambaye asilimia ndiyo chakula chake cha asubuhi alitoka jasho mbele ya mia mbili na arobaini. Msichana akamwinamia, akamnong'oneza, "Thelathini na sita, mjomba. Tafuta kwanza asilimia kumi."

"Thelathini na sita," akasema kwa sauti ya kiongozi. Wakampigia makofi.

Alipoondoka alinishika mkono akaniagiza nisisahau kuandika kwamba alichangia hoja. Niliandika. Nilidhani tumepona, mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye zikaja bahasha mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni waraka kwa shule zote za kanda: kila shule ianzishe Kikao cha Uratibu, mara mbili kwa wiki, mahudhurio yasipungue asilimia mia. Ya pili ni ya Mkuu. Kwa kutambua ubunifu wake, ameteuliwa kuwa msimamizi wa Vikao vya Uratibu vya kanda. Kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili na nusu, gari litamfuata limzungushe kwenye shule nyingine akavikague.

Aliisoma amesimama. Kisha akakaa kwenye kile kiti chake kibovu na kikamgeuza upande mpaka akawa anaangalia ukuta.

"Bado wiki sita mtihani," akauambia ukuta. "Asilimia sijamaliza. Duara sijagusa."

Akaandika barua ya kushukuru na kukataa. Akapigiwa simu, nikaisikia sauti ya Bwana Viashiria kutoka pale nilipokaa: "Mkuu, cheo hakikataliwi. Na ukikataa hiki, itabidi tuulize ulichokuwa unafanya siku zile zote. Fikiria familia yako." Alikata simu akaenda nyumbani mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliyozungumza na Mama Pacha sikuyasikia. Najua tu kwamba kesho yake mama yule alipita ofisini kwangu, akaniuliza kama nina maboksi matupu ya karatasi, na hakutaka kukaa.

Jumanne gari likaja saa mbili na nusu. Dereva akapiga honi. Saa mbili na dakika arobaini Mkuu akatoka ofisini, koti ameliacha, boksi la chaki mkononi. Hakutokea mlango wa nyuma. Alipita mbele, katikati ya uwanja, akamsalimia dereva, akapita mbele ya madirisha ya ofisi ya walimu, wote wakimwona, akaingia darasa la saba na kuacha mlango wazi.

Simu ya mezani kwangu ikalia.

"Mama, dereva ananiambia mkuu hajaingia kwenye gari. Yuko wapi?"

Muhula mzima nilikuwa nimedanganya kwa ufasaha ambao hata wanasiasa wangenionea wivu. Nina miaka mitatu nistaafu, na mihtasari yote ina saini yangu chini. Lakini kutoka ng'ambo ya uwanja nilisikia sauti yake, haijafichwa tena, na watoto wakimjibu.

"Yuko darasani," nikasema. "Anafundisha."

"Unamaanisha kikao."

"Namaanisha hesabu, mheshimiwa. Darasa la saba. Hakujawahi kuwa na kikao, kulikuwa na watoto."

Nikasikia anatafuta kalamu.

"Hayo maneno nitayaandika, mama."

"Andika. Ukikwama nitakusaidia, nina uzoefu."

Barua hazikuchelewa; wakitaka, mfumo wao unakimbia. Yangu ilikuwa onyo kali, na nimeibandika kwenye faili kwa mkono wangu, imenyooka. Ya Mkuu ilifika Jumatatu asubuhi, kurasa mbili. Amekutwa na hatia ya kutokuwepo ofisini muda wa utawala mara kumi na tisa, ushahidi ukiwa mihtasari yangu, kila mmoja na tarehe na saa yake. Amevuliwa ukuu kuanzia leo. Nyumba aiachie ndani ya siku saba. Atakuwa mwalimu wa kawaida hapahapa mpaka muhula uishe, kisha atahamishiwa shule nyingine ambayo atajulishwa. Makamu atakaimu. Makamu, aliposikia, tulimpelekea maji.

Nilimsomea barua nzima kwa sababu miwani yake alikuwa ameiacha kwenye maboksi. Nilipofika kwenye nyumba, nilirudia mstari mara mbili. Nilikuwa nawaona wale pacha wakibeba vitanda vyao mbele ya shule nzima, na nikajiona mimi ndiye niliyewabebesha, kwa ile mihtasari yangu mizuri. Nikamwambia anisamehe.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Wiki tano," akasema. "Nilikuwa naingia mara mbili kwa wiki, vingekuwa vipindi kumi. Havitoshi. Nisingemaliza, Mama Muhuri, nilikuwa najua kabisa nisingemaliza, na usingizi sipati." Akanitazama, macho yamemlowa na meno yote nje. "Sasa mimi si mkuu. Naruhusiwa kuingia kila siku. Vipindi ishirini na tano!"

Simu yake ikalia pale mezani: leteni idadi ya madirisha yenye vioo, ndani ya dakika kumi na tano. Akaichukua, akampelekea Makamu, akavuka uwanja kwenda kuanza duara.